Parseli ya Kupanda

Picha iliingia kwenye simu saa nne asubuhi, Mwalimu Alimasi akiwa katikati ya uwanja wa shule na filimbi mdomoni. Aliifungua huku akirudi kinyumenyume, mpira akiufuata kwa jicho moja, na wavulana ishirini na wawili wakamwona mwamuzi wao akiganda. Mchezaji mmoja aliangushwa mbele ya goli. Alilia, akagaagaa, akamtazama mwamuzi. Filimbi haikulia.

Katika picha ile rafiki yake Dominique alikuwa ameketi juu ya mwamba, kwenye kiti cha mianzi, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Nyuma yake kulikuwa na vilima: cha kwanza kijani, cha pili buluu, cha tatu rangi ya moshi. Ukungu ulikuwa chini yake. Chini yake! Maneno yaliyoandamana na picha yalikuwa machache: “Mwalimu, hapa hewa iko muzuri. Kuya uone.”

Alimasi aliikuza picha kwa vidole viwili. Alitafuta kasoro, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kumnunua. Bati lililooza, labda. Nzi. Uso wa mtu aliyekosa usingizi. Alichokiona ni kilima chenye vichwa vitatu, na kilima chenye vichwa vitatu kiko Katubwe tu.

Katubwe alikuwa amepachagua yeye.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza akiwafundisha watoto wa Kasongo kukimbia. Kasongo ina misikiti ya tangu enzi za mababu, ina soko, ina koo zinazojuana mpaka kizazi cha tano. Haina mahali pa kwenda juu. Miaka ishirini iliyopita Alimasi alipeleka timu ya shule kucheza upande wa vilima, na tangu siku hiyo alijua atakachofanya akistaafu. Ataishi mahali ambapo mtu anatoka mlangoni asubuhi, anapanda kilima bila mzigo kichwani na bila mbuzi wa kumfuata, kwa raha tu, kisha anashuka kuoga mtoni kwenye maji baridi.

Kwa miaka minane alikuwa akichagua. Salamabila ndiyo iliyoanza kuanguka. Vilima vyake ni vizuri, lakini pale kuna dhahabu, na chumba kimoja chenye mlango mbovu kinapangishwa kwa bei ambayo Kasongo ungepata nyumba nzima yenye ua. Tena, asubuhi moja alipanda kilima kule kujinyoosha miguu, na aliposhuka aliwakuta vijana tisa wenye sepeto wakimngoja. “Papa, umeiona wapi?” waliuliza. Aliapa kwamba hakuona chochote. Walimfuata siku mbili.

Kabambare kwenyewe, makao makuu ya teritwari, yaani wilaya, paliwezekana kwa mfuko wake. Pana hospitali, pana ofisi, pana maduka. Ila kilima kizuri kiko mbali na mji, na Alimasi aliona ni upuuzi mtu kupanda pikipiki ili akapande kilima. Wamaza ilikuwa rahisi lakini njia zake nzuri za kutembea zilipita katikati ya mashamba ya watu. Ikabaki Katubwe, kijiji kikubwa cha nusu siku kwa miguu kutoka Wamaza, chenye zahanati, mto, uwanja wenye goli moja, na kile kilima cha vichwa vitatu. Mwaka jana, mvua ilipokuwa imekata njia, alikutana na kapita, mkuu wa kijiji cha Katubwe, sokoni Wamaza, wakakubaliana juu ya parseli moja ya ardhi. Alimpa mbuzi na majembe mawili kama desturi ilivyotaka. Alichongoja ni shule kufungwa na karatasi zake za kustaafu kutoka.

Na katika miaka yote hiyo minane alikuwa na msikilizaji mmoja. Dominique alikuwa muuguzi, ingawa mji mzima ulimwita Docta. Walitembea pamoja kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Mwislamu na Mkatoliki, hadi goti la kushoto la Dominique lilipokufa. Baada ya hapo walikaa mlangoni kwake, na Alimasi akachora vilima kwa kijiti mchangani. Dominique alitikisa kichwa, akasema “eeh”, akamwongezea chai. Miezi minne iliyopita aliaga kwamba anakwenda Wamaza kumsalimu dada yake.

“Kwa dada yake!” Alimasi alimwambia mke wake mchana ule, akiwa hajagusa bugali. “Mutu mwenye goti moja! Ataufanyia nini ule mulima?”

Sifa alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. “Ataukalia.”

“Nilimwonyesha mwenyewe. Nilimchorea njia, nilimchorea mpaka jiwe.”

“Basi ulichora vizuri, Papa Amisa,” alisema Sifa, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Wewe unacheka.”

“Mi sicheki. Nauliza tu. Unataka mulima, ao unataka Docta asikuwe nao?”

Alimasi aliosha mikono akatoka. Swali lile alilibeba wiki nzima na hakulijibu, maana kila alipolikaribia alikiona kile kiti cha mianzi. Usiku aliifungua picha chini ya shuka. Aligundua kikombe pembeni ya kiti. Siku iliyofuata aligundua mbwa. Mtu ana mbwa! Hata mbwa wa watu wengine, ilionekana, wanaishi juu.

Shule ilipofungwa alimkodi Plamedi, kijana mwenye pikipiki anayeijua njia ya Kabambare shimo kwa shimo. Walilala njiani, wakavusha pikipiki kwa mtumbwi mara moja na kwa mabega mara mbili. Siku ya pili vilima vilitokea. Plamedi alipunguza mwendo ili mzee atazame.

“Ni vizuri, eh Mwalimu?”

“Endesha,” alisema Alimasi.

Katubwe, Plamedi alimwacha kwenye uwanja wa goli moja akageuza. Alimasi hakwenda kwa kapita kwanza, kama adabu ilivyotaka. Alishika njia ya kilimani moja kwa moja, begi mgongoni. Ilikuwa kama alivyoikumbuka: mteremko mkali, mawe, halafu kitandiko cha majani mafupi, halafu mawe tena. Mapafu yake yalifunguka. Miguu ilifurahi bila kumwomba ruhusa, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Dominique alikuwa kwenye kiti chake. Mwamba ule ulikuwa nyuma ya jiko lake. Picha ilipigwa uani.

“Mwalimu! Karibu, karibu! Nilijua utakuja. Kaa, nikupe chai.”

Alimasi hakukaa. Alizunguka nyumba. Ilikuwa ndogo, ya udongo, imeezekwa vizuri. Aliuliza maji yanatoka wapi, akitumaini ni mbali. Yalitoka kwenye chemchemi hatua thelathini. Aliuliza kama upepo hausumbui. Upepo ulifukuza mbu. Aliuliza bei. Dominique alimtajia, na Alimasi akageuza uso kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko mbuzi wake na majembe yake.

“Na ulifika huku juu namna gani na lile goti?”

Dominique alicheka kwa haya. “Kwa kipoyi. Vijana wane walinibeba mabegani.”

“Kwa kipoyi! Kama mzungu wa zamani!”

“Ni vile.”

“Na juu kabisa, kwenye kichwa cha katikati, umeshapanda?”

“Mimi? Hapana. Mi nakaa tu.”

Hapo ndipo kilichomkaa moyoni kilipomtoka. Alisema kwa sauti ya uwanjani, ile inayofika upande wa pili bila kipaza sauti. Alisema kwamba kuna watu wanaokaa kimya miaka minane wakinywesha wenzao chai kumbe wanahesabu mawe. Alisema kwamba mlima ule una mwenyewe. Akamalizia na neno ambalo hakulipanga. “Wewe ni mwizi, Dominique.” Si Docta. Dominique.

Watoto wawili waliokuwa wakichota maji waliweka ndoo chini ili wasikie vizuri. Dominique alikitazama kikombe alichokuwa amekijaza. “Twende kwa kapita,” alisema mwishowe. “Ao tuseme, wewe nenda umwite. Mi siwezi kushuka.”

Kapita Jean-Paul alipanda mwenyewe, mzee mkavu mwenye fimbo, na nyuma yake wakaja watu waliokwisha kusikia kutoka kwa watoto. Alikuwemo mama mmoja aitwaye Régina na ungo wake wa karanga, akaketi chini akaendelea kumenya.

“Papa Mwalimu,” alianza kapita, “nasikia Docta amekaa mahali pako.”

“Amekaa.”

“Pahali pako ni huku chini, karibu na mto. Inakungojea. Nimewafukuza watu watatu juu yake.”

Alimasi alifikiri hakusikia. “Karibu na mto?”

“Siku ile ya Wamaza uliniomba nini? Sema maneno yako yenyewe, watu wasikie.”

“Nilisema nataka parseli ya kupanda.”

“Nikakuuliza, utapanda kila musimu? Ukajibu kila siku. Nikasema moyoni, huyu mutu wa muji iko na nguvu. Nikauliza unapanda saa ngapi. Ukasema mbele ya jua kutoka. Nikasema ni vizuri, ile saa udongo iko laini. Ukanipa majembe mawili. Mutu anayetoa majembe! Nikakutafutia udongo unaoshinda yote Katubwe. Mweusi. Ukitupa muhogo asubuhi, jioni unakuita.”

“Kupanda mulima!” alisema Alimasi. “Nilitaka kupanda mulima!”

Watu waliligeuza neno lile kichwani. Régina ndiye aliyeuliza. “Kwa kufuata nini?”

“Hakuna kitu.”

“Mbuzi amepotea?”

“Hapana, mama. Napanda tu.”

“Unapanda, unafika juu. Halafu?”

“Halafu nashuka.”

Karanga zilimwagika. Régina alicheka hadi akashika ubavu, na wengine wakafuata, hata kapita, ambaye alijaribu kujizuia kwa kukohoa. “Kila siku!” mtu alipiga kelele nyuma. “Amesema kila siku!”

“Na Docta?” Alimasi aliuliza, masikio yakimwaka. “Yeye aliomba nini?”

“Docta alisema anataka kukaa tu. Mutu wa kukaa tu, udongo wa kazi gani? Nikamupa mawe.”

Alimasi aliyatazama yale mawe. Hakuna mtu aliyekuwa amemwibia. Alikuwa ameupoteza mlima wake kwa kinywa chake mwenyewe, kwa neno moja, sokoni, mbele ya samaki wa chumvi. Ingekuwa nafuu kama Dominique angekuwa mwizi kweli.

“Mukipatana mubadilishane,” alisema kapita, akifuta macho. “Mi sina neno.”

Macho yote yalimgeukia Dominique. Alimasi alilijua jibu. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu hakuwahi kumnyima kitu: sindano ya usiku, baiskeli, sukari.

“Hapana,” alisema Dominique.

Alisema bila hasira. Alikuwa akilisugua goti lake. “Hapa napapenda, Mwalimu. Kila Jumamosi umenilisha huu mulima, miaka munane. Ulifikiri mi siko na njaa? Sikukwambia, kwa sababu niliogopa uso wako. Huo uso uliokuja nao leo. Lakini kuhama, sihami. Na lile neno ulilosema mbele ya watoto, nataka ulitoe mbele ya watu.”

Alimasi alilitoa. Alisema, “Docta si mwizi. Nilikosa,” kama mtu anayetema mfupa wa samaki, kisha akashuka kilima mbele ya wote ili wasimwone usoni.

Parseli yake ilikuwa kama kapita alivyosema. Udongo ulishika kiatu. Mto ulipita hapo hapo, maji yakiwa safi, baridi. Alikuwa na pesa za parseli moja tu, na miguu ya miaka michache, na alijua kwamba akirudi Kasongo sasa hatatoka tena. Alilala kwa kapita siku mbili akitafuta sababu ya kuondoka isiyokuwa ile ya kweli. Siku ya tatu asubuhi alikata vijiti akaanza kupima nyumba.

Kapita alikuja kutazama. Nyumba zote za Katubwe milango yake huelekea kilimani, upepo uingie. Alimasi alisimika vijiti vya mlango upande wa mto.

“Utapata joto,” alisema kapita.

“Nitavumilia.”

Hakueleza kwamba kutoka upande wa kilima paa la Dominique lilionekana, pamoja na moshi wa chai yake. Jua lilimfikia Dominique kwanza. Alimasi alikuwa amelipima: lilichukua kama nusu saa kushuka hadi mtoni. Kila siku, kwa maisha yake yote yaliyobaki, mtu yule angekuwa na nusu saa ya jua ambayo yeye hana.

Siku ya nne, kapita alipokwenda shambani, Alimasi alisikia mawe yakiporomoka. Aliinua macho. Dominique alikuwa anashuka. Alishuka kwa makalio kama mtoto mchanga, jiwe kwa jiwe, mguu wa kushoto mbele, mbwa akimngoja kila kona. Ilikuwa imeshapita saa tano asubuhi. Alipofika chini suruali yake ilikuwa imechanika nyuma na viganja vinavuja damu.

“Ulianza saa ngapi?” Alimasi aliuliza.

“Jua likitoka.” Dominique alikaa kwenye kigogo, akahema. “Nimekuja kumuona jirani. Mulango unatazama wapi?”

“Mtoni.”

“Eeh,” alisema Dominique. Aliyatazama maji muda mrefu. “Huu muto sijawahi kuuona karibu. Miezi mine nausikia tu. Kanisani pia sijaenda, nasikia ngoma kutoka juu, naomba peke yangu. Mtu akitaka sindano anapanda kwangu. Asipougua, hapandi.”

Alimasi alikuwa ameshika kijiti. Furaha ilimjia, ndogo, yenye meno. Kumbe yule bwana wa nusu saa ya jua alikuwa amefungwa kule juu. Alifurahi, na papo hapo akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi, na akaendelea kufurahi kidogo hata ndani ya aibu.

“Na sasa utarudi namna gani?”

“Ndiyo shida yenyewe.”

“Niwaite vijana wa kipoyi?”

“Hapana kipoyi! Walinicheka ya kutosha.”

Alimasi alikitupa kijiti. Alimpa bega. Walianza kupanda mchana, jua likiwa kichwani, kwa mwendo ambao Mwalimu wa michezo angemfukuza mwanafunzi uwanjani kwa ajili yake. Hatua tano, wanasimama. Hatua tatu. Dominique hakulalamika, alitukana goti lake kwa Kibangubangu cha mama yake. Kwenye mawe makali Alimasi alimsukuma kwa nyuma, kichwa kwenye suruali iliyochanika. “Ukijamba nakuacha hapa hapa,” alimwambia, na Dominique akacheka hadi wakakaribia kuporomoka wote wawili.

Walipofika uani, jua lilikuwa limeinama. Dominique aliangukia kitini. Alimasi alisimama, na hata baada ya kazi ile miguu yake bado ilikuwa na hamu. Dominique aliiona.

“Nenda,” alisema. “Muda ungalipo.”

“Wapi?”

“Juu. Kichwa cha katikati. Nenda, halafu uje unieleze iko namna gani.”

Kuna kitu kilikuwa usoni pake. Mdomo ulitabasamu, lakini macho yaliishika miguu ya Alimasi na hayakuiachia. Alimasi aliujua uso ule. Yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa tangu siku ya picha.

Alipanda peke yake, haraka, kama alivyoota kwa miaka minane. Juu, upepo ulimvua kofia. Upande wa mashariki vilima viliendelea mpaka macho yalipochoka kuvihesabu. Upande wa pili ardhi ilishuka taratibu, na katikati ya ule ukijani wa giza, Mto Luama uling’aa kama kitu kilichosahauliwa pale na jua. Moshi wa Katubwe ulikuwa mdogo kama wa sigara. Alitaka kulia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, alilia kidogo.

Alipokuwa akishuka alifikiria maneno. Chai ilikuwa imemiminwa vikombe viwili. Dominique aliingoja habari bila kuuliza, akimpapasa mbwa.

“Ni mawe tu,” alisema Alimasi, akikaa chini kando ya kiti. “Hakuna kitu.”

Dominique alikunywa chai yake funda moja. “Miaka munane nakusikiliza, Mwalimu. Hujawahi kumaliza kilima kimoja kwa maneno matatu.”

Alimasi alikizungusha kikombe mkononi.

“Unadanganya.”

“Ndiyo.”

“Unadanganya kwa kunihurumia, ao kwa kuninyima?”

Alimasi alilitafakari swali kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. “Sijui,” alisema. “Vyote viwili.”

“Basi anza tena,” alisema Dominique, akauvuta mguu wake mbaya ili ampe nafasi. “Na usiniruke hata jiwe moja.”

Alimasi akaanza na upepo uliomvua kofia.